Kuchapisha Si Kufikisha

Tangu Juni 2012 Uingereza ina mwongozo ulio wazi kuhusu maumivu ya selimundu. NICE, taasisi inayoiandikia huduma ya afya ya taifa, NHS, taratibu za tiba, iliagiza kwamba mgonjwa anayefika hospitali na maumivu makali ya ugonjwa huo apewe dawa ya kutuliza ndani ya dakika 30. Mwongozo huo haulipiwi. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuusoma. Hata hivyo, Aprili 2019 kijana mwenye selimundu aliyekuwa amelazwa North Middlesex, hospitali kubwa ya Edmonton, kaskazini mwa London, alipiga simu ya dharura 999 kutoka kitandani kwake wodini akiomba oksijeni. Siku chache baadaye akafariki. Uchunguzi rasmi wa kifo hicho, uliokamilika 2021, ulibaini kwamba wahudumu hawakutambua uzito wa dalili zake, na kwamba angebadilishiwa damu mapema huenda angepona.

Novemba mwaka huo huo, kamati ya wabunge wa vyama vyote inayoshughulikia selimundu ilitoa ripoti ambayo jina lake lenyewe lilikuwa lalamiko: hakuna anayesikiliza. Wagonjwa walieleza kwamba wanaogopa kulazwa wodi za kawaida. Kwenye kitengo cha damu wanakutana na watu wanaoujua ugonjwa wao. Wakivuka korido kuingia wodi nyingine, hukuta wauguzi na madaktari ambao hawaujui, na wengine huwashuku kuwa wanatafuta dawa za kulevya.

Mijadala mingi kuhusu uchapishaji wa sayansi huzunguka swali moja: nani alipie, msomaji au mwandishi? Swali hilo lina uzito wake, na tutalifikia. Lakini kisa cha Edmonton kinaonyesha kwamba hata pale maarifa yanapokuwa bure kabisa, yanaweza kukwama baina ya wodi mbili za jengo moja. Mfumo wa majarida ulijengwa ili kuhifadhi maarifa na kumpa mwandishi sifa yake. Kuyafikisha kwa anayeyahitaji, hasa aliye nje ya fani husika, ni kazi ya pili inayohitaji watu wake na fedha zake, na hadi leo haina mlipaji maalumu.

Kutoka Church Street hadi The Lancet

Edmonton ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 John Keats, kabla ya kujulikana kwa ushairi, alikuwa mwanagenzi wa Thomas Hammond, daktari mpasuaji wa Church Street, Edmonton. Zama hizo udaktari ulipatikana kwa kumtumikia bwana, kisha kwa kulipa ada ya mihadhara ya mabingwa wa mjini. Oktoba 1815 Keats alijiandikisha Guy's Hospital na kumsikiliza Astley Cooper, mpasuaji mashuhuri kuliko wote wa siku hizo. Daftari alimoandika mihadhara hiyo lingalipo. Daktari wa kijijini asiye na ada wala nafasi ya kusafiri alibaki na yale aliyofundishwa ujanani.

Mwaka 1823 Thomas Wakley, daktari kijana mwenye ulimi mkali, alianzisha The Lancet na kuanza kuchapa mihadhara ya hospitali za London ili hata asiyelipa ada aisome. Baadhi ya mabingwa walikasirika. John Abernethy wa St Bartholomew's alikwenda mahakamani akidai kwamba maneno anayoyasema darasani ni mali yake. Kesi hiyo haikumzuia Wakley kuendelea. Miaka 200 baadaye The Lancet, lililozaliwa kwa kuvunja ukuta wa ada, ni mali ya kampuni ya Elsevier, na makala zake nyingi zimekaa nyuma ya ukuta mwingine wa malipo.

Jarida la sayansi lenyewe ni kongwe zaidi ya hapo. Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alianza kutoa Philosophical Transactions mwaka 1665. Tangu hapo jarida limebebeshwa kazi nne: kusajili nani aligundua kwanza, kukagua ubora wa kazi, kuitunza, na kuisambaza. Tatu za mwanzo zina wasimamizi: kuna tarehe ya kupokelewa, kuna wataalamu wanaosoma muswada kabla haujakubaliwa, kuna maktaba. Ya nne iliachiwa imani kwamba kikishachapwa, anayekihitaji atakipata. Imani hiyo ilifaa pale wasomaji wote walipokuwa wanachama wa klabu moja. Fani zilipogawanyika na kuwa mamia, kila moja na majarida yake, haikufaa tena.

Selimundu ilivyovuka fani

Ugonjwa huohuo wa selimundu ni mfano mzuri wa namna maarifa yanavyovuka mipaka. James Herrick, daktari wa Chicago, alichapisha mwaka 1910 maelezo ya seli za damu zenye umbo la mundu alizoziona kwa mwanafunzi kutoka Grenada. Kwa miongo kadhaa habari hiyo ilikuwa ya madaktari wa damu peke yao. Mwaka 1945, katika kikao cha kamati ya ushauri wa tiba Marekani, daktari William Castle alimsimulia mkemia Linus Pauling kwamba seli hizo hujikunja zaidi kwenye damu iliyokwisha kutoa oksijeni. Pauling, aliyejua kemia ya himoglobini, akahisi papo hapo kwamba kasoro imo ndani ya molekuli hiyo. Mwaka 1949 yeye na wenzake walichapisha katika Science makala iliyouita selimundu ugonjwa wa molekuli. Kabla ya muongo kwisha, Vernon Ingram wa Cambridge alionyesha kwamba tofauti yote imo katika asidi amino moja.

Upande wa Afrika, mambo yalikuwa yakienda kwa njia nyingine. Mwaka 1946 E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, aliandika katika East African Medical Journal ya Nairobi kwamba watu wenye seli mundu walionekana kuwa na vimelea vichache vya malaria. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha katika Nature jinsi hali hiyo ilivyotawanyika miongoni mwa makabila ya Uganda. Mwaka huohuo Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, alizunguka Kenya akichukua damu, akakuta wabebaji wa jeni ya selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Kwa mtu aliyekulia Kenya ramani hiyo haikuwa ngeni, kwa kuwa ndiyo ramani ya malaria.

Mwaka 1954, katika British Medical Journal, Allison alitoa ushahidi kwamba kuibeba jeni hiyo hukinga dhidi ya malaria. Kati ya watoto 290 aliowapima Uganda, vimelea vya malaria vilikutwa kwa asilimia 28 hivi ya wabebaji na asilimia 46 hivi ya wasio wabebaji. Kisha akaeleza jaribio ambalo leo kamati ya maadili ingelihoji vikali: wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walipata vimelea. Kati ya wabebaji 15, wawili tu. Kwa kurasa chache hizo tiba, jenetiki, mageuzi ya viumbe na historia ya watu wa Afrika Mashariki viliunganishwa. Wajaluo hao 30 hawakutajwa majina.

Tukitazama ni nini hasa kilichovusha maarifa hayo, majarida yalifanya sehemu ndogo. Pauling alisikia habari kwenye mazungumzo. Allison alibeba fani tatu na nchi mbili kichwani mwake. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa ugunduzi mwingine mkubwa wa Uganda. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani ya taya za watoto katika British Journal of Surgery mwaka 1958, jarida la wapasuaji ambalo mtafiti wa virusi hakuwa na sababu ya kulifungua. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara Middlesex Hospital, iliyokuwa katikati ya London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku. Epstein alipoona ramani ya ugonjwa ikifuata joto na mvua, alihisi kuna kiumbe kinachoambukiza.

Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa muda mrefu hakuna kilichoonekana. Mwishoni mwa 1963 ukungu wa London uliipeleka ndege Manchester, na sampuli ilipofika maabara maji yake yalikuwa yamevurugika kama yaliyooza. Epstein aliyatazama kwa hadubini kabla ya kuyatupa, akakuta seli hai zinaelea. Yeye na wenzake wakazikuza, na ndani yake hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi. Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland walichapisha matokeo katika The Lancet Machi 1964, na kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr hadi leo. Jarida lilikuja mwisho, kuweka muhuri. Kazi ya kuunganisha fani mbili ilifanywa na saa moja ya mhadhara.

Kila fani na desturi yake

Ugumu unaongezeka kwa sababu fani hazishirikishani kazi kwa namna moja. Wanafizikia na wanahisabati huweka nakala tangulizi, yaani makala kabla ya kukaguliwa, kwenye hifadhi ya arXiv aliyoianzisha Paul Ginsparg mwaka 1991. Kwao, makala inapotoka jaridani huwa tayari imesomwa na wanaohusika. Wanasayansi wa kompyuta huthamini mikutano kuliko majarida. Wanahistoria huandika vitabu vinavyochukua miaka. Wanabiolojia walipata bioRxiv mwaka 2013, na watafiti wa tiba wakapata medRxiv mwaka 2019, robo karne na zaidi baada ya wenzao wa fizikia.

Kuchelewa huko kwa watu wa tiba kuna sababu. Kosa katika makala ya nyota halimdhuru mtu. Kosa katika makala ya dawa linaweza kuingia mwilini mwa mgonjwa kesho yake. Februari 1998 The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake wa Royal Free, hospitali ya Hampstead, kaskazini mwa London, iliyohusisha chanjo ya MMR na usonji kwa kutegemea watoto 12. Iliondolewa rasmi Februari 2010. Katika miaka hiyo 12 hofu ilisambaa duniani na viwango vya chanjo vilishuka Uingereza. Makala ilisafiri kwa kasi. Taarifa ya kuondolewa kwake haijawahi kuifikia kila familia iliyotishika.

Basi kukagua kabla ya kuchapa hakukingi kila kitu, na haraka peke yake pia haikingi. Mei 22, 2020, katikati ya janga la corona, jarida hilohilo lilitoa makala kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini iliyodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671. Shirika la Afya Duniani lilisitisha sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo siku tatu baadaye. Watafiti wa nje walipoidai data, kampuni iliyosemekana kuimiliki haikuweza kuitoa ikaguliwe, na Juni 4 makala iliondolewa.

Linganisha na RECOVERY, jaribio lililoongozwa na Oxford katika hospitali za NHS nchi nzima. Juni 16, 2020 lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo, hupunguza vifo kwa theluthi hivi miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. NHS iliidhinisha dawa hiyo siku ileile. Makala kamili ilifuata Julai. Kasi hiyo ilitokana na mpangilio wa jaribio lenyewe. Madaktari wa wodini walikuwa ndio wanaoandikisha wagonjwa, kwa hiyo waliuelewa utafiti kabla haujakwisha. Njia ya kurudi kitandani ilijengwa tangu mwanzo, na ikalipiwa.

Mlango wa kusoma, mlango wa kuandika

Sasa fedha. Kwa miongo mingi vyuo vilinunua majarida kwa bei zilizopanda mwaka hadi mwaka, huku watafiti wakiandika na kukagua makala bila kulipwa na mashirika ya uchapishaji. Tamko la Budapest la 2002 lilidai ufikiaji huria: makala za utafiti zisomwe bure mtandaoni. Uingereza ilipata ripoti ya kamati ya Janet Finch mwaka 2012, kisha kuanzia Aprili 2022 UKRI, mfuko mkuu wa utafiti wa serikali, ikaamuru makala zote inazogharamia zisomwe bure siku zinapotoka. Mpango mwingine wa mwaka 2014 uliwawezesha watu wa kawaida kusoma makala za kulipiwa kwenye kompyuta za maktaba za umma zilizojiunga.

Mlango wa kusoma ulipofunguka, mlango wa kuandika uliwekewa ada. Majarida mengi sasa humtoza mwandishi. Nature ilipoanza kupokea makala za ufikiaji huria mwaka 2021, ada ilikuwa euro 9,500. Mtafiti wa London hulipiwa na chuo au mfadhili. Mwenzake wa Muhimbili au Makerere asiye na mfadhili wa nje huomba msamaha wa ada, na misamaha hiyo hutolewa kwa kufuata kundi la kipato cha nchi. Kenya ilipopandishwa mwaka 2015, na Tanzania mwaka 2020, kuingia kundi la kipato cha kati cha chini, watafiti wake hawakutajirika, ila baadhi ya mashirika huwahesabu sasa kuwa wa kupunguziwa tu badala ya kusamehewa kabisa.

Njia ya tatu ipo, ambapo msomaji halipi na mwandishi halipi. Gharama hubebwa na vyuo, vyama vya kitaaluma au serikali. Amerika ya Kusini imeijenga kupitia mtandao wa SciELO tangu 1998. Kwetu, AJOL iliyoko Afrika Kusini huyaweka pamoja majarida ya Kiafrika mtandaoni. Lakini kamati za kupandisha vyeo huendelea kuthamini jina la jarida la nje kuliko la nyumbani, kwa hiyo utafiti uliofanyika Kilifi huchapishwa Boston, na daktari wa wilaya jirani huusikia kwa bahati.

Hatua ya mwisho

Kisa kifuatacho kinaonyesha kwa karibu umbali uliopo. Dawa ya haidroksiyurea ilithibitishwa kupunguza maumivu ya selimundu kwa watu wazima katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1995. Afrika, wanakozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu, iliendelea kusubiri. Swali halikuwa la bei tu: dawa hiyo hubana uzalishaji wa chembe za damu, na madaktari walihofu ingemdhoofisha mtoto mbele ya malaria. Hofu hiyo isingeweza kuondolewa na makala yoyote kutoka nchi isiyo na malaria. Jibu lilipatikana katika jaribio la REACH lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Liliongozwa na Leon Tshilolo wa Kinshasa pamoja na Russell Ware wa Marekani, na kuchapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 2019.

Watoto 606 walipewa dawa. Kwa kila jumla ya miaka 100 ya kuwafuatilia, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 kabla ya dawa hadi 44.6. Malaria, iliyohofiwa kuongezeka, ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Ni miaka 24 tangu makala ya kwanza, kwa dawa iliyokuwa tayari kwenye rafu.

Edmonton na mitaa jirani wanaishi Wakongomani, Wasomali, Wanigeria na Waghana, na wengi wao wana ndugu katika nchi ambako ugonjwa huu unaua watoto. Mama anayezungumza Kiswahili cha Kongo anapoambiwa kliniki kwamba mwanawe aanze haidroksiyurea, anakabidhiwa kipeperushi kinachoitaja kuwa dawa iliyoanza kwenye matibabu ya saratani. Anashtuka, na ana haki. Habari ambayo ingemtuliza, kwamba watoto wa Kinshasa waliitumia na wakaugua malaria mara chache zaidi, imo katika makala ya Kiingereza iliyoandikiwa madaktari bingwa. Akimpigia dada yake Kinshasa, huenda na huyo hajaisikia, ingawa utafiti ulifanyika mjini kwake. Hapo tafsiri ya neno moja moja haitoshi; anahitajika mtu anayejua utafiti, anayejua hofu ya mama, na anayelipwa kwa kazi ya kuvikutanisha.

Kuna pia maarifa yanayotakiwa kwenda upande wa pili. Mwenye selimundu aliyeishi nayo miaka 20 anajua dalili zake mapema kuliko mashine. Majarida hayana mahali pa kuyaweka maarifa ya namna hiyo, na wodi isiyoyazoea huyaita usumbufu. Ripoti ya wabunge ya 2021 ilikuwa na nguvu kwa kuwa iliyachukua kama ushahidi, ikayapanga, ikayapeleka bungeni.

Wakati huohuo, sayansi ya juu inasonga. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni za mgonjwa wa selimundu, na Januari 2025 NICE ikakubali itolewe na NHS. Bei yake iliyotangazwa ni pauni milioni 1.65 kwa mgonjwa mmoja. Mfumo uleule unaoweza kurekebisha jeni ulishindwa kuhakikisha kwamba muuguzi wa zamu ya usiku anajua dalili za hatari za ugonjwa uleule. Kazi ya kwanza ina hataza, kampuni, makala na tuzo. Ya pili haimpandishi mtu cheo.

Ndiyo maana kufungua majarida ni lazima ila hakutoshi. Wafadhili wanaolipa ada za uchapishaji watenge ndani ya bajeti ya kila utafiti sehemu ya kuufikisha: mafunzo kwa wodi zisizo za fani hiyo, muhtasari katika lugha za walioshiriki, na mtu mwenye wajibu huo kwa jina. Wanaokagua miswada wamuulize mwandishi nani nje ya fani yake anapaswa kulijua hili, na atalijuaje. Kamati za vyeo zimhesabie mtafiti mwongozo uliobadilisha utendaji wa kituo cha afya kama zinavyomhesabia makala iliyonukuliwa. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji uvumbuzi mpya. RECOVERY ilionyesha mwaka 2020 kwamba linawezekana pale nchi nzima inapokuwa na hofu. Wagonjwa wa selimundu wanadai lifanyike katika siku za kawaida, kwa ugonjwa ambao wengi wa wenye madaraka hawana jamaa anayeuugua.